Mkaguzi wa Njia ya Mbao

Mkaguzi hakuwa mtu wa kukumbuka sura. Ungekunywa naye chai asubuhi hotelini pale Garsen, mkaagana vizuri, na saa sita akakupita sokoni kama hajakuona tangu azaliwe. Wengi walidhani ana maringo. Hakuwa na maringo. Sura hazikumkaa tu. Kilichomkaa ni jinsi mtu anavyokanyaga. Ukitokea nyuma yake, kabla hujafungua mdomo, alikwisha kukutaja jina, na pengine akakuuliza kwa nini leo unaegemea upande wa kulia.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa kazi ya kukagua abiria.

Nilifanya kazi chini yake karibu miaka miwili, kabla na baada ya zile mvua za El Nino zilizokata barabara. Siku hizo mabasi ya kwenda Lamu hayakutoka Garsen peke yake. Yalikusanyika, yakasubiri eskoti ya polisi, yakaondoka kwa msafara, kwa sababu ya majambazi waliovizia porini huko mbele. Tajiri wetu, mwenye mabasi mawili yaliyochoka, aliamua kila abiria wake akaguliwe kabla ya kupanda, asije jambazi akawa tayari yumo ndani. Alimwajiri Mkaguzi, mwanajeshi mstaafu. Akaniajiri na mimi, kwa kuwa nilijua kutengeneza redio, nishike mashine ya mkono ya kutafuta chuma. Ilikuwa na umbo la mwiko wa kusongea ugali, basi abiria wote wakaiita mwiko, na sisi tukafuata.

Mkaguzi aliniita Fundi. Sijui kama alipata kulijua jina langu.

Alikuwa mtu wa sukari. Kikombe kimoja, vijiko vitano, halafu anakoroga kwa muda mrefu na kulalamika kwamba chai za Garsen hazina utamu. Alivaa koti la khaki hata jua linapochoma. Alikuwa na mkoba wa turubai ambao hakuruhusu mtu yeyote kuufungua. Sisi tuliokuwa tunafungua mikoba ya watu kutwa nzima tuliliona hilo jambo la ajabu, na siku moja Bi Hawa akamwambia waziwazi.

"Mzee, wewe unapekua dunia nzima. Wako una nini?"

"Una vitu vyangu," akasema.

"Na wale wengine walikuwa na vitu vya nani?"

Akanywa chai yake. Hakukasirika. Lakini mkoba hakuufungua.

Bi Hawa alikuwa mama wa makamo aliyekulia pale pale Garsen, baina ya maduka na soko la mifugo. Alizungumza Kipokomo, Kiorma, Kisomali na Kigiriama, na Kiswahili chake alikibadilisha kulingana na anayesema naye. Akija bibi wa Lamu, Bi Hawa naye akawa wa Lamu. Aliajiriwa awakague wanawake. Mkaguzi ndiye aliyegundua kwamba kazi yake kubwa ilikuwa nyingine.

Mwanzoni tulikagua kama wanavyokagua kila mahali. Mtu mmoja mmoja, fungua mkoba, toa sufuria, toa nguo, nyanyua mikono, napitisha mwiko. Mwiko ulilia kwa kila kitu: mkanda, funguo, kisu cha mfugaji, kopo la asali. Ukilia, unaanza upya. Basi moja lilikula zaidi ya saa nzima, na polisi wa eskoti hawakuwa na subira. Mara mbili msafara uliondoka abiria wetu wakiwa bado wamepanga foleni juani, watoto wanalia, na wote wakalala Garsen.

Lakini si kuchelewa kulikombadilisha Mkaguzi. Alikuwa ni mzee mmoja mfugaji wa Kiorma, aliyekuwa akisafiri na wake wa wanawe wawili. Mwiko ulilia pajani kwake. Tukatoa kisu chake, ukalia. Tukatoa mkanda, ukalia. Mkaguzi akaamuru avue shuka, pale pale, mbele ya wakwe zake. Mzee yule akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Hii chuma iko ndani ya nyama. Ya zamani. Mimi hapana weza toa." Ilikuwa risasi aliyopigwa ujanani. Kovu lilikuwepo. Wale wanawake walikuwa wamegeuza nyuso zao zikatazama mto.

Mkaguzi alinyoosha mkono kuomba radhi. Mzee hakuupokea. Alijifunga shuka lake polepole, akapanda basi, akakaa akitazama mbele.

Siku tatu Mkaguzi hakusema neno la ziada. Siku ya nne alikwenda soko la mifugo, akasimama asubuhi nzima akiangalia ng'ombe wakipitishwa kwenye njia nyembamba ya miti kwenda kuchanjwa, mmoja nyuma ya mwingine, bila kusimama. Aliporudi alikuwa na mikokoteni miwili ya miti ya mikoma na mbao kuukuu.

Njia aliyoijenga ilikuwa fupi, hatua kumi na mbili tu, kutoka ofisi ya tiketi hadi mlango wa basi, kamba za katani kila upande. Mwanzo wa njia alisimama Bi Hawa, akimsalimu kila mtu kwa lugha yake, na kuuliza jambo dogo: unakwenda kwa nani, mvua huko ikoje. Katikati zililazwa mbao, zimeinuliwa kidogo kutoka ardhini ili zitoe sauti, na kando ya mbao, kwenye kigoda, akaketi Mkaguzi. Aliketi amewapa abiria mgongo. Alisema macho yake humsumbua, hutazama nguo badala ya kusikiliza. Mwisho wa njia nilikuwa mimi na mwiko. Na baada yangu, mlangoni pa basi, alisimama Komora, kondakta, kijana wa Tarasaa mwenye sauti nene na mzaha mwingi, ambaye kazi yake ilikuwa kuhesabu.

Kila mmoja wetu alikuwa na alama yake. Bi Hawa akimshuku mtu alimwambia "karibu sana" badala ya "karibu." Mkaguzi aliinua kidole. Mwiko ulilia wenyewe. Na sheria ilikuwa hii: mmoja akisema, mtu apite. Wawili wakisema, Komora anamshika mkono kwa heshima na kumpeleka kibandani akapekuliwe mbali na macho ya watu.

"Na wewe ukiwa na hakika peke yako?" nilimuuliza.

"Apite."

"Hata ukiwa na hakika kabisa?"

"Hapo ndipo apite hasa," akasema. "Niliwahi kuwa na hakika peke yangu, Fundi. Yule mtu alilala ndani siku tatu, na hakuwa na kosa lolote."

Hiki ndicho nilichoshindwa kukielewa kwake. Alikuwa na masikio ambayo sijayaona kwa mtu mwingine. Jioni, kazi ikiisha, alitufanya tupite kwenye mbao na mawe mifukoni, na panga limefungwa mguuni, na gunia begani, mpaka akawa anataja tulichobeba na upande tuliokibeba. Alisema mguu wenye maumivu hutua haraka na kuondoka, lakini mguu uliofungwa chuma hutua taratibu, kama wa mgeni aliyeingia nyumba ya watu. Alijua haya yote, na bado akajifanya kuwa theluthi moja tu ya njia yake mwenyewe.

Njia ilifanya kazi. Watu walipita wakitembea, mikoba begani, wakijibu salamu. Basi zima lilimalizika kabla Mkaguzi hajamaliza kikombe chake cha pili. Wanawake wa Witu waliokuwa wakituapiza wakaanza kutuletea maembe. Tajiri alipotaka kuongeza mbwa wa kunusa, Mkaguzi alikataa katakata. "Abiria wengi hapa ni Waislamu," alimwambia. "Mbwa akiwagusa kwa ulimi itawabidi wajitoharishe upya ndipo waswali. Utawachelewesha kuliko mwanzo, na watakuchukia."

Kuna siku alipita kijana na mfuko wa unga wa mahindi. Bi Hawa akasema "karibu sana," kwa sababu kijana alijibu salamu kabla haijaisha. Mbao zikalia, Mkaguzi akainua kidole: unga haulemei hivyo. Mwiko wangu ulinyamaza, maana niliupitisha kiunoni na mfuko ulikuwa begani. Komora akahesabu wawili, akamshika kijana mkono. Ndani ya unga mlikuwa na risasi za bunduki, zimefungwa kwenye soksi. Nilijisikia vibaya kwamba mimi ndiye sikuzipata. Mkaguzi akanipiga begani. "Ndiyo maana tuko watatu," akasema.

Alikuwa mkali kwa matajiri na mpole kwa watoto. Aliogopa maji, katika mafuriko alikataa kuvuka kwa mtumbwi hata njaa ilipotubana, akakaa upande wake wa mto siku nne akila mahindi ya kuchoma. Alidanganya umri wake, na kila alipodanganya alisahau alichosema mwanzo. Komora alimwigiza, akitembea juu ya mbao kwa hatua za bibi kizee, kisha za polisi, kisha za tajiri, na Mkaguzi, akiwa amempa mgongo, alicheka mpaka koti likamtikisika. Nadhani alimpenda Komora kuliko sisi wengine. Komora naye alimletea ndizi za mama yake kila alipotoka kwao Tarasaa.

Sasa niseme la kwangu.

Mwiko ulitumia betri ndogo ya mraba. Redio yangu ya mfukoni ilitumia betri ya aina hiyo hiyo. Jioni moja kulikuwa na mpira, na betri ya redio yangu ilikuwa imekufa. Nikatoa ya mwiko, nikasikiliza mchezo wote. Nilikusudia kuirudisha, na niliirudisha, lakini ilikwisha kuchoka. Asubuhi taa ya mwiko iliwaka hafifu kisha ikazima. Nilizunguka maduka mawili yaliyokuwa wazi. Betri za aina ile hazikuwepo. Abiria walikuwa wamejipanga. Polisi walikuwa wamewasha magari.

Ningesema, "Mzee, mwiko haufanyi kazi leo." Maneno hayo tu. Angeamuru tupekue kwa mikono, tungechelewa, tajiri angefoka, mimi ningekatwa mshahara au kufukuzwa. Sikusema. Mwiko ulikuwa na kitufe cha kuujaribu, na ukikibonya kwa nguvu ile betri ilitoa mlio dhaifu. Basi nikawa nabonya. Mtu mwenye mkanda mkubwa, nabonya. Mama mwenye bangili, nabonya. Nilikuwa naigiza mashine.

Akaja mwanamume wa makamo, kanzu safi, uso wa utulivu. Alimjibu Bi Hawa kwa adabu, akamwambia mguu wake unauma, alianguka na pikipiki. Bi Hawa akamwambia "karibu." Akapanda mbao. Nilisikia mwenyewe: mguu wa kushoto ulitua taratibu.

Mkaguzi akainua kidole. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akageuka.

"Fundi. Chuma?"

Mwiko ulikuwa kwenye goti la yule mtu. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Nilifikiri: ana adabu, anaumwa, nikibonya nitamvua kanzu mtu asiye na hatia kama yule mzee. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba niliogopa kwamba akipelekwa kibandani, watauchunguza na mwiko.

"Hakuna, mzee."

Mkaguzi alinitazama, akamtazama mtu, akateremsha kidole. Komora akahesabu mmoja. "Pita, baba," akasema. "Pole na mguu."

Lilikuwa basi la mwisho katika msafara. Porini, kabla ya Witu, yule mtu alitoa bastola iliyokuwa imefungwa mguuni, akamlazimisha dereva apunguze mwendo mpaka magari ya mbele yakapotea kwenye vumbi. Wenzake wakatoka vichakani. Waliwavua watu kila walichokuwa nacho. Komora alimzuia mmoja wao asimburute msichana nje ya basi. Walimpiga risasi moja, akafia mlangoni, pale pale alipozoea kusimama.

Tajiri aliita kikao. Aliniuliza mimi kwanza, mbele ya wote, kama mashine ilikuwa inafanya kazi.

"Ilikuwa inafanya kazi," nikasema. "Ililia asubuhi nzima. Kila mtu aliisikia."

Bi Hawa alikuwa akilia. Akasema alidanganywa na ule mguu. Mkaguzi alisimama na koti lake.

"Mbao ziliniambia," akasema. "Nilimsikia. Nikajitilia shaka, nikauliza, nikaambiwa hakuna. Mashine haikukosea. Bila shaka alikuwa ameificha bastola kwa njia ambayo mashine haiijui. Sheria ya wawili ni yangu. Aliyempitisha ni mimi."

Tajiri akamfukuza kazi siku hiyo. Njia ikavunjwa, mbao zikawa kuni. Tukarudi kwenye foleni ya zamani, na mimi nikapewa betri mpya na kupandishwa kuwa msimamizi. Mkaguzi aliondoka na mkoba wake wa turubai. Alinipa mkono. "Usijilaumu, Fundi," akasema. "Wewe ulisema ulichokiona."

Sikukaa pale muda mrefu. Nilihamia Malindi, nikafungua kibanda cha kutengeneza redio. Kila mteja akiniletea redio ndogo nilimwambia sina vipuri.

Karibu miaka miwili ilipita. Niliambiwa na dereva mmoja kwamba Mkaguzi anaishi Tarasaa, amekodi kipande cha shamba. Nilishangaa, kati ya miji yote, amechagua wa kina Komora. Nikaenda. Mara mbili nilifika hadi kituoni nikarudi. Mara ya tatu nilimkuta barazani kwake, anapukuchua mahindi. Amekonda. Nilimsalimu, akaitika, lakini alisubiri niseme jina langu. Nilipomwambia ni mimi, Fundi, alitabasamu kwa haya.

"Siku hizi siyasadiki masikio," akasema. "Nikimsikia mtu, huwa nangoja nimwone."

Hapo nilitaka kuondoka. Badala yake nilimwambia. Betri, mpira, kitufe, kidole, kikao. Nilisema yote bila kupumzika, nikitazama mahindi.

Aliendelea kupukuchua punje chache. Kisha akauliza taratibu, "Kwa hiyo nilisikia sawa?"

"Ulisikia sawa, mzee."

"Na wa pili hakuwepo."

"Hakuwepo."

Aliweka gunzi chini. Nilidhani atanipiga, na ningefurahi. Alishika magoti yake kwa mikono miwili. "Nimekaa mji huu," akasema, "nikilima karibu na nyumba ya mama yake Komora, ili akitaka kunitukana asinitafute mbali. Hajanitukana. Akiniona hubadilisha njia. Kila siku ninamsikia anageuka." Akainuka. "Vaa viatu."

"Twende wapi?"

"Haya maneno umenipa mimi, lakini si yangu peke yangu."

Haikuwa mbali. Mama yake Komora alikuwa uani, mbele ya jiko. Alipomwona Mkaguzi akaanza kugeuka aingie ndani. Mkaguzi akasimama mbali, nje ya ua.

"Mama," akasema, "sikuja kwa ajili yangu. Huyu ana neno. Msikilize, kisha tutaondoka."

Nilisema tena. Mara hii sikuweza kukimbiza maneno. Alinitazama usoni, na kila nilipotaka kuruka jambo alisubiri. Nilipomaliza, alichochea moto kidogo.

"Huo mpira," akauliza. "Nani alishinda?"

"Hakuna, mama. Ilikuwa bila kwa bila."

"Bila kwa bila," akarudia.

Kuku wakapita baina yetu. Kisha akamtazama Mkaguzi aliyekuwa bado amesimama nje ya ua, koti lake limefungwa mpaka shingoni.

"Mzee," akamwambia, "na wewe ulijua kwamba si wewe, kwa nini hukusema?"

"Sikujua, mama. Nimejua leo."

Yule mama alifunika mdomo kwa ncha ya leso. Halafu akaenda ukutani, akachukua kigoda, akakifuta vumbi kwa kiganja, akakiweka karibu na jiko.

"Ingia ukae," akamwambia. "Nina muhogo jikoni."

Mkaguzi aliingia. Alipita karibu nami bila kunigusa, akaketi, na nikaona mabega yake yakishuka kama ya mtu aliyetuliwa mzigo.

Nilisubiri. Mama yule hakunifukuza. Alifunua sufuria, akatazama muhogo, akamuuliza Mkaguzi kama anakula pilipili. Kigoda cha pili kilibaki pale pale ukutani. Baada ya muda nilielewa, nikasema kwaheri. Mkaguzi peke yake ndiye aliyeitika, nami nikashika njia ya kurudi barabarani.